Mita Moja, Milango Sita

Katika nyumba za kupanga za mitaa ya mashariki ya Nairobi, mita ya stima huwa moja na milango huwa mingi. Kila mlango una watoto wake, televisheni yake na saa yake ya kulala, lakini wote huteka katika kisima kimoja. Kisima hicho kikianza kukauka kabla ya wakati, kuaminiana ndiko hutangulia kupotea, na stima hufuata nyuma. Ndiyo maana tumeona tuandike habari hii kwa dada zetu wa Pwani na kwa kila familia inayochangia bili na jirani. Huenda aliye na mita yake peke yake naye akapata humu jambo la kumfaa.

Sisi ni akina mama wa ua mmoja ulio nyuma ya Soko la Burma, upande wa Shauri Moyo. Baadhi yetu tumetoka Mombasa na Lamu, wengine ni wajukuu wa Waswahili wa Majengo ya Pumwani, waliokuwa na nyumba Nairobi tangu siku za ukoloni. Asiyeijua Burma na ajue kwamba ni soko la nyama, kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na uwanja wa mpira ambao sasa unaitwa kwa jina la Joe Kadenge. Wazee hulihusisha jina la soko na askari wa King's African Rifles waliorudi kutoka vita vya Burma. Tangu alfajiri mabucha huwa wazi, mapanga hulia juu ya magogo, na wateja hujipanga mbele ya mizani.

Hata neno lenyewe, stima, lina safari yake. Kwetu Pwani wazee waliposema stima walikuwa na maana ya meli, ile iendayo kwa moshi. Bara neno hilo hilo limekuwa jina la umeme. Mombasa na Nairobi ziliwahi kuwa na kampuni mbili tofauti za umeme, hadi zilipounganishwa mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, mzazi wa Kenya Power ya leo. Kwa hiyo tunayoyasema ya Burma hayako mbali na Kisauni wala Mji wa Kale. Shirika ni moja, bei ni moja, na mita zinahesabu kwa namna moja.

Uani petu mlikuwa na desturi iliyokubaliwa na wote: kila mlango hutoa shilingi 1,000 kwa mwezi, mmoja wetu hununua tokeni, na namba zake 20 huingizwa kwenye mita mbele ya yeyote aliyepo. Desturi hiyo ilidumu kwa amani. Baridi ya Juni ilipoingia, shilingi 6,000 zikawa hazimalizi mwezi. Kwanza ziliisha tarehe 24, kisha tarehe 20. Mwisho wa Julai tulipojumlisha, kila mlango ulikuwa umetoa shilingi 1,600, jumla 9,600, na bado usiku mmoja tulilala gizani.

Maneno yakaanza, kwa sauti ndogo kama yaanzavyo maneno yote mabaya. Mlango wa pili anakaa mama mmoja wa Lamu anayelea watoto wake watatu kwa biashara ya sambusa na barafu. Sambusa huzikunja usiku, huzigandisha, na asubuhi huzikaanga kwa wateja wa sokoni. Kwa kazi hiyo ana friza, nayo hunguruma usiku na mchana. Kila apitaye koridoni huisikia. Kwa hiyo macho yalipotafuta mwizi wa tokeni, yalitua juu ya friza. Watu wawili watatu walikuwa wameanza kusema kwamba mwenye friza alipe mara mbili, au aizime, au ahame. Friza ile ikizimwa, watoto watatu hawali.

Bibi yetu wa mlango wa kwanza, ambaye ni mkubwa wa ua kwa umri na kwa busara, alituita baada ya Magharibi. Alisema maneno machache. "Wanangu, hapo Burma mnanunua nyama kila wiki. Nani kati yenu amewahi kulipa kabla ya kuiona mizani imetulia? Basi hata neno juu ya jirani lisisemwe kabla ya kupimwa." Akatukumbusha kwamba katika Qur'ani Tukufu imo sura nzima iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin, sura ya 83. Kumpunja mtu heshima yake kwa dhana, alisema, nako ni kupunja. Tukakubaliana kwamba kwa wiki mbili hakuna atakayemtaja yeyote. Tutapima tu.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kuacha kuhesabu kwa shilingi. Shilingi haikwambii umetumia kiasi gani, kwa sababu bei ya uniti hubadilika mwezi hata mwezi. Soma ujumbe unaokuja kwenye simu ukinunua tokeni. Fedha yako inagawanywa mafungu mengi: gharama ya stima yenyewe, gharama ya mafuta yanayochomwa kwenye mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni na ya mfumuko wa bei, tozo ya usambazaji umeme vijijini ambayo ni asilimia 5, tozo ndogo za mamlaka ya nishati na ya maji, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mafuta yakipanda bei au shilingi ikidhoofika, utalipa zaidi hata kama hukuongeza balbu moja. Ukihesabu kwa uniti, hali mbili hizi hutengana: uniti zikiwa zile zile na fedha imepanda, sababu iko nje ya nyumba, uniti zikiongezeka, sababu iko ndani.

Aliyefuta ujumbe wake asihofu. Kwa kubonyeza *977# mteja wa Kenya Power aweza kuuliza tokeni alizonunua karibuni. Tulifanya hivyo tukaandika katika daftari la shule. Mwezi wa Aprili ua wetu ulitumia uniti 200. Julai ulitumia 320. Bei ya uniti, kodi na tozo zote zikiwemo, ilikuwa kama shilingi 30 katika miezi yote miwili. Basi jibu likawa wazi: bei haikuhusika na ongezeko hili. Uniti 120 zilikuwa zimeongezeka ndani ya kuta zetu, au mahali palipoungana na kuta zetu.

Jambo la pili ni kujua uniti ni nini. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kila chombo cha umeme kina kibandiko au maandishi madogo nyuma au chini yake yanayotaja wati zake. Zidisha wati kwa saa, gawa kwa 1,000, umepata uniti. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita anaiweza, na kwetu ndio waliotufanyia. Waligawana milango, kalamu mkononi, wakaandika kila chombo na muda kinaotumika.

Waliyoyaleta yalitushangaza. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku haifiki uniti moja na nusu kwa mwezi. Balbu ya zamani ya wati 60, kwa saa zile zile, hula uniti 9. Kuchaji simu ni kitu kidogo mno. Televisheni ya kisasa ya wati 60 ikitazamwa saa 4 ni robo ya uniti kwa siku. Lakini birika la umeme la wati 2,000 likichemsha kwa dakika 6 tu limekula theluthi mbili ya kile balbu ya zamani inachokula usiku mzima wa saa 5. Tukaijua kanuni, na tunaiandika hapa kwa sababu ndiyo nusu ya somo lote: kinachotoa moto ndicho kinachokula. Kinachotoa mwanga, sauti au picha hula kidogo. Sikio huwinda kinachonguruma, ilhali kinachopasha moto hunyamaza kimya.

Jambo la tatu ni mita yenyewe. Mita nyingi za siku hizi zina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Pembeni yake pameandikwa ni mipepeso mingapi hufanya uniti moja. Kwetu ni 1,000. Maana yake ni kwamba mpepeso mmoja kwa dakika ni sawa na wati 60. Ukiwa na saa mkononi unaweza kujua matumizi ya nyumba nzima wakati huo huo, bila kumwita mtu. Hii ndiyo mizani yetu, na ilikuwa ukutani siku zote.

Jumamosi baada ya Isha tulizima kila kitu. Kila mlango ulichomoa friji, friza, televisheni, chaja, vyote. Milango sita ikawa giza, watoto wakifurahi kama siku ya sikukuu, nasi tukasimama mbele ya mita na tochi ya simu. Taa ilipaswa kutulia. Haikutulia. Ilipepesa mara mbili kwa dakika, ikanyamaza, ikapepesa tena. Wati kama 120 zilikuwa zikienda mahali, na mahali hapo hapakuwa kwetu.

Tulikuwa tumemwita fundi wa stima mwenye leseni, kwa sababu kufungua nyaya si kazi ya kila mtu. Sheria inataka fundi aliyesajiliwa, na uhai wa watoto unataka hivyo zaidi. Hakugusa kitu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akatazama taa kwa muda wa nusu saa. Ilipepesa kama dakika 12, ikalala kabisa, kisha ikaamka tena. Akasema, "Mama, waya uliochubuka haupumziki. Unavuja usiku kucha kwa kiasi kimoja. Hiki kinachofanya kazi kikapumzika ni friji. Tafuteni friji ambayo si yenu."

Asubuhi tukaufuata waya. Ulitoka kwenye boksi la mita, ukapanda darini, ukapita chini ya bati la jiko la zamani, ukatokea upande wa barabara kwenye kibanda kinachouza soda na maji baridi. Mwenye kibanda hakuficha lolote. Alitueleza, bila wasiwasi, kwamba stima yake imo ndani ya kodi anayomlipa wakala wa nyumba kila mwezi, na alituonyesha risiti. Alikuwa amelipa kwa haki yake. Fedha yake haikuwahi kufika kwenye tokeni. Tulihesabu: friji yake ilikula uniti kama 44 kwa mwezi, sawa na shilingi 1,320, na milango sita ndiyo iliyokuwa ikizilipa.

Kama tungeishia hapo tungeliweza kurudi ndani tumeridhika, maana adui alipatikana nje. Lakini kibanda kilikuwepo hata Aprili. Hakikueleza ongezeko la Julai. Kwa hiyo tuliendelea. Kwa siku saba tuliandika salio la mita asubuhi na jioni, tukaweka pembeni mwa kila namba kilichokuwa kikitumika. Daftari lilipojaa, uniti 320 za Julai ziligawanyika hivi. Friza ya sambusa, 48. Friji ya mlango wa tano, 57. Taa, televisheni, redio na chaja za milango yote, 48. Pasi na mabirika, 15. Friji ya kibanda, 44. Na koili za kupashia maji ya kuoga, 108.

Tunaomba msomaji aitazame namba hiyo ya mwisho. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya baridi na mawingu. Sisi watu wa Pwani tulizoea kuoga maji ya kisima yalivyo, na jasho letu likitushukuru. Huku mtoto wa miaka miwili huwezi kummwagia maji ya bomba saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo milango minne ilikuwa na koili, ile chuma iliyopindwa inayotumbukizwa ndani ya ndoo. Kupasha ndoo ya lita 20 hadi ifae kuoga hula karibu uniti 0.6. Ndoo sita kwa siku ni uniti 3.6. Mwezi ukiisha ni 108, theluthi moja ya stima ya ua mzima. Koili hutumika kwa dakika chache, haina sauti, na ikishatolewa hutundikwa msumarini, kwa hiyo hakuna aliyeitilia shaka.

Friji ya mlango wa tano nayo ilikuwa na habari yake. Ni ndogo kuliko friza, lakini ilikula zaidi. Mtihani ni mwepesi: funga mlango wa friji juu ya kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechoka, baridi inatoka na mashine haipumziki. Hapo kilitoka pote kwa pembe tatu. Tena friji ilikuwa imebanwa ukutani bila nafasi ya kupumua, na mgongo wake ukiwa umefunikwa kwa vumbi. Mpira mpya, nafasi ya shubiri moja nyuma yake na kufutwa vumbi kuliishusha kutoka uniti 57 hadi 36.

Kisha tukafanya hesabu ya mwisho, ile iliyotunyamazisha. Tuligawa uniti kwa milango, kila mtu na zake. Mama wa friza, pamoja na taa na pasi yake, alikuwa ametumia uniti 60, thamani ya shilingi 1,800. Alikuwa akilipa 1,600. Yaani yule aliyetajwa kwa vidole alikuwa akilipa karibu sawasawa na anachokula. Mlango wa nne anakaa mjane mzee, peke yake. Ana balbu moja, redio na simu. Alikuwa ametumia uniti 4. Nne tu. Haki yake ilikuwa kulipa shilingi 120, naye alikuwa akitoa 1,600 kama sisi sote, kutokana na fedha anazotumiwa na mwanawe. Tofauti yake ni shilingi 1,480. Friji ya kibanda ilikula 1,320. Kwa maneno mengine, mjane alikuwa akipoza soda za wapita njia wa Barabara ya Jogoo, na katika maneno yote yaliyozunguka koridoni, jina lake halikutajwa hata mara moja, kwa sababu hakuwahi kulalamika.

Tulipomwambia alisema, "Mimi nilidhani stima ndiyo ghali hivyo, wanangu." Tangu siku hiyo kugawana sawa kulitutoka moyoni. Watu sita wanaotoa sawa huonekana wana haki, lakini sawa na haki ni ndugu wawili wasiofanana sura.

Yaliyofuata yalikuwa ya vitendo. Kwanza, bibi yetu na mama wa mlango wa tano walikwenda kwa wakala pamoja na mwenye kibanda, wakiwa na daftari na bila sauti ya juu. Wakala alikubali fedha ya stima ya kibanda irudi uani. Mwenye kibanda mwenyewe alichagua kuondolewa kwenye mita yetu na kutafuta yake, na fundi akaukata waya ule kwa njia ya usalama.

Pili, maji ya kuoga. Tulifikiria gesi, lakini tulipopiga hesabu tukaona ndoo moja kwa gesi haipishani sana na ndoo moja kwa koili, kwa bei tulizokuta. Nafuu ilitoka kwingine. Mtoto haoshwi kwa lita 20; lita 8 zinamtosha. Maji hayana haja ya kuchemka ndipo yapoozwe. Yakifikia joto la mwili, chomoa. Ndoo ifunikwe. Watoto wasiokwenda shule waoge adhuhuri, maji ya bomba yanapokuwa yamepungua ubaridi. Na mama wa sambusa, ambaye hukaangia kwenye jiko la makaa, alitoa rai yake mwenyewe: makaa yake hubaki mekundu kwa saa nzima baada ya kazi ya asubuhi; anayetaka aweke sufuria. Sasa kuna foleni ya masufuria mbele ya mlango ule ule uliokuwa ukinong'onewa. Kwa wale wanaoendelea kutumia koili tunasisitiza: chomoa kabla ya kugusa maji, usimwache mtoto karibu, usiitumie kwenye ndoo ya chuma.

Tatu, balbu tatu za zamani zilizokuwa zimebaki zilibadilishwa. Nne, kila mlango ulifungiwa mita ndogo ya ndani, ili kila mmoja alipe uniti zake. Mwezi wa Agosti, na baridi ikiwa bado iko, ua wote ulitumia uniti 196. Mjane alilipa shilingi 120.

Limebaki jambo moja ambalo mita ndogo haiwezi kulitatua, na hili ndilo tunalotaka kila mama anayepanga alielewe. Tangu Aprili 2023, wateja wa majumbani nchini Kenya wamegawanywa makundi matatu kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, walio kati ya hapo na 100, na wanaozidi 100. Kundi la chini hulipa bei ya chini, la juu hulipa bei ya juu. Kabla ya hapo, tangu mwishoni mwa 2018, nafuu ya bei ya chini ilifika hadi uniti 100. Mpango huu umewekwa ili kuwasaidia wenye kipato kidogo. Lakini mita haihesabu watu, inahesabu uniti. Ua wetu wa familia sita wenye uniti 196 huonekana kama nyumba moja kubwa ya tajiri. Ukizigawa kwa sita ni uniti 33 kwa familia, na mjane wetu ni wa kundi la chini kabisa. Hata hivyo uniti zake 4 zinauzwa kwa bei ya juu, kwa kuwa tu zinapita mlango mmoja na zetu.

Dawa yake ni mita tofauti kwa kila familia, na hiyo huombwa Kenya Power kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Tumemwandikia wetu, tukaambatisha nakala ya daftari. Bado tunasubiri jibu lake, na hatukuona haya kumkumbusha mara mbili. Tunawashauri wanaotafuta nyumba waulize swali hili kabla ya kuuliza rangi ya ukuta: mita ni ya nani, na tuko wangapi nyuma yake?

Dada zetu wa Pwani, kwenu joto limebadilisha vyombo lakini halikubadilisha kanuni. Feni ya wati 70 ikizunguka saa 10 za usiku haifiki uniti moja. Msiwanyime watoto usingizi kwa ajili yake. Kiyoyozi ni habari nyingine, maana kufukuza joto nako ni kazi nzito. Nyumba za Mombasa zenye kisima na tangi juu ya paa zitazame pampu: ya nguvu-farasi moja hula wati 750 au zaidi, na choo kimoja kinachovuja huifanya ifanye kazi bila ninyi kujua, kwa hiyo bili ya stima huenda ikaponywa na fundi wa bomba. Friji isiwekwe karibu na jiko wala dirisha la jua la alasiri. Wanaoletewa bili mwisho wa mwezi walinganishe namba iliyoandikwa kwenye bili na iliyo kwenye mita yao, kwa kuwa huenda ile ya bili ni ya makadirio. Zikipishana, pelekeni malalamiko kwa maandishi, na msiporidhika, mamlaka ya nishati, EPRA, hupokea malalamiko ya wateja.

Kwa mwezi wa Ramadhani, ambapo majiko na taa huamka kabla ya alfajiri katika kila nyumba, anzeni daftari mapema, Shaaban, mpate cha kulinganisha. Mkiona uniti zimepanda, zimeni vyote kwa dakika 30 na muitazame taa ya mita kabla ya kumtazama jirani.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waadilifu katika vipimo vyetu, vya sokoni na vya nyumbani, na atuepushe na kula haki ya mnyonge aliyenyamaza. Amin.